Maswali ya rege: Sunsplash na ile bendi ya nyuma

Wapenzi wa rege, hamjambo. Mwezi huu barua na meseji nyingi zimeangukia Reggae Sunsplash, lile tamasha la Jamaika lililoanzia Montego Bay alafu likawa linazunguka dunia na kikosi chake. Nimechagua chache, zile zilizouliza kitu kimoja nimeziunganisha.

SWALI: Shikamoo kaka. Baba ana kanda za zamani za Sunsplash, nikiangalia naona waimbaji wanabadilika lakini wapiga vyombo ni walewale, anaingia huyu anatoka yule, mpiga besi hasogei. Ni kanda zimekatwa vibaya au ndo ilikuwa hivyo? *Jina kapuni*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Una jicho zuri, na hili swali nimelisubiri siku nyingi maana wengi wetu tunamwangalia mwenye maiki tu. Ndo ilikuwa hivyo. Usiku mmoja wa Sunsplash ulikuwa na waimbaji wengi mno, na wengi wao hawakuwa na bendi, mtu anakuja na sauti yake na orodha ya nyimbo basi, nyuma inakaa bendi moja inayowabeba wote. We the People ya Lloyd Parks imefanya hiyo kazi miaka na miaka, Lloyd mwenyewe anapiga besi na anaimba pia, na mwimbaji Dennis Brown kapigiwa sana na hawa jamaa. Kulikuwa na Sagittarius, kulikuwa na 809 Band. Waliokuja na watu wao ni kina Third World na Burning Spear, hao walikuwa na sauti yao maalum ambayo huwezi kumpa mtu mwingine akupigie.

Sasa utauliza inawezekanaje bendi moja ijue nyimbo za watu wote hao. Inawezekana kwa sababu rege ya Jamaika imejengwa juu ya ridimu. Ridimu ni ule mwendo wa besi na dramu, na ridimu moja inaimbiwa na watu kibao kila mtu na maneno yake. Chukua Real Rock, ilirekodiwa Studio One, studio ya Kingston, miaka ya 60 na bendi ya Sound Dimension, mpaka leo watu wanaimba juu yake, Willie Williams alifanya Armagideon Time humohumo. Kwahiyo mpiga besi aliyezishika ridimu kubwa za Studio One na studio nyingine, Treasure Isle, anakuwa tayari ana nusu ya kazi ya usiku mkononi, kinachobaki ni kujua mwimbaji anaitaka kwenye ufunguo gani, yaani sauti ianzie juu au chini kiasi gani, anaitaka mwendo gani, na wapi anapenda kusimama.

Rudi kwenye kanda za baba uangalie mkono wa mwimbaji. Kuna saa anaunyanyua au anaugeuza kiganja chini, hapohapo gitaa na kinanda vinakaa kimya inabaki dramu na besi peke yake, watu wanapiga kelele, yeye anaongea nao kidogo, akitoa ishara bendi yote inarudi kwa pamoja. Au wimbo umeanza tu, hata mstari wa pili haujaisha, watu wamepagawa, mwimbaji anasimamisha kila kitu na wimbo unaanza upya kutoka mwanzo. Hiyo haimo kwenye karatasi. Mpiga dramu anatakiwa asimame pale pale, asichelewe hata pigo moja, na amefanya hivyo toka saa tatu usiku na sasa kunapambazuka. Mimi watu wa namna hii nawaheshimu kuliko ninavyoweza kuandika hapa, na inaniuma kwamba kwenye mabango majina yao yanakuwa madogo kabisa chini au hayapo.

SWALI: Nani walianzisha Sunsplash na ilianza lini kuzunguka nchi nyingine? *Msomaji wa siku nyingi*

JIBU: Juni 1978, uwanja wa Jarrett Park, Montego Bay. Kampuni inaitwa Synergy, waanzilishi ni Tony Johnson, Ronnie Burke, John Wakeling na Don Green. Angalia mwezi waliochagua, kiangazi ndo wakati watalii wanapungua Jamaika, hoteli zina nafasi, kwahiyo wiki nzima ya muziki iliwapa watu sababu ya kupanda ndege. Mwaka 1984 ikapigwa shoo London kwenye uwanja wa mpira wa Selhurst Park, na kuanzia 1985 ikawa ziara kamili, Marekani, Japani, Ulaya.

Na hapa ndo bendi ya nyuma inapopata maana yake yote. Fikiria wewe ndo promota unataka kuwapeleka waimbaji watano au sita mji mpaka mji. Kila mmoja akija na bendi ya watu wanane hiyo ni viza za watu karibu hamsini, vyumba, chakula, na kila mwimbaji akimaliza inabidi vyombo vitolewe vingine viingizwe, fundi mitambo aanze kupima sauti upya huku watu wanapiga miluzi. Ukiwa na bendi moja mnaingia basi moja, vyombo vinawekwa mara moja, mwimbaji anatoka mwingine anaingia besi ikiwa bado inaunguruma. 809 Band walizunguka sana na Sunsplash kwa mtindo huo. Bila hao kina dada na kaka wa nyuma mtu wa mji mdogo Marekani asingeona waimbaji wote hao usiku mmoja kwa tiketi moja.

SWALI: Nimebishana na rafiki yangu, anasema Bob Marley ndiye aliyefungua Sunsplash ya kwanza, mimi nasema hakuwepo. Nani yuko sahihi? *Mbishi wa kijiweni*

JIBU: Wewe. Mwaka 1978 alikuwa kwenye ziara yake nje, ile shoo yake kubwa ya Jamaika mwaka huo ilikuwa One Love Peace Concert pale Kingston tarehe 22 Aprili. Sunsplash alipiga ya pili, Julai 1979, mvua ilikuwa imenyesha Jarrett Park ikawa tope tupu na watu wakasimama humohumo kwenye tope. Alifariki tarehe 11 Mei 1981 na Sunsplash ya mwaka huo ikafanywa kwa heshima yake, Stevie Wonder akapanda stejini na Third World, na watoto wake Bob, Melody Makers, wakaimba pia. Mmoja wao, Ziggy, alikuwa na miaka 12 tu.

SWALI: Dada yenu hapa. Mwanangu ana ualbino na anapenda muziki kuliko kitu chochote. Nimesikia kuna msanii wa rege mwenye ualbino aliyetamba Sunsplash, naomba unieleze habari zake nimsimulie. *Mama yake*

JIBU: Dada yangu, nakushukuru kwa swali hili, msimulie na usiache kitu. Anaitwa Yellowman, yaani mtu wa njano, jina lake la kuzaliwa ni Winston Foster. Alilelewa kwenye vituo vya watoto Kingston, hakuwa na wazazi wa kumshika mkono, na Jamaika ya wakati ule mtu mwenye ualbino alikuwa anatengwa na kuchekwa waziwazi. Akapita pia Alpha Boys School, shule ya masista wa Kikatoliki ambayo ina sifa ya ajabu, watoto waliofundishwa tarumbeta na saksofoni pale ndo waliokuja kuwa wanamuziki wakubwa wa nchi, kina Tommy McCook na Don Drummond wa Skatalites, bendi ya ska, muziki uliotangulia rege.

Yellowman hakujificha. Hilo jina alilibeba mwenyewe akalivalia mpaka nguo za njano, akapanda Sunsplash ya 1982 mbele ya umati ule mkubwa akaghani kama mtu aliyezaliwa stejini, anajisifu kwamba anapendwa na wanawake wote, anaruka, anataniana na watu, na uwanja mzima unamwitikia. Aliyekuwa anachekwa mtaani akawa mfalme wa dancehall, ile rege ya kughani juu ya ridimu, kwa miaka kadhaa, albamu ya shoo zake za Sunsplash ipo, inaitwa Live at Reggae Sunsplash. Miaka ya 80 katikati akapata saratani ya taya, akafanyiwa upasuaji mkubwa uliobadilisha uso wake, na akarudi kuimba. Mwambie mwanao avae kofia na miwani ya jua akienda mazoezini, na asikose mazoezi. Nikipata meseji yako kwamba kaanza kupiga chombo nitafurahi mno, tena sana.

SWALI: Je kuna Mwafrika aliyewahi kupiga Sunsplash kulekule Jamaika, au walikuwa wanajipigia wenyewe? *Rasta wa Bara*

JIBU: Lucky Dube, 1991, Mwafrika Kusini wa kwanza kusimama pale. Na alipomaliza watu hawakukubali ashuke ikabidi arudi tena. Kwa Mjamaika kumrudisha mgeni stejini kwa muziki ambao wao ndo wenye nao, hilo si jambo dogo hata kidogo, maana umati wa kule ukikuchoka unakuonyesha palepale. Na Lucky alikuwa wa aina ile nyingine niliyoisema juu, anasafiri na bendi yake mwenyewe, waitikiaji wake, kinanda chake, kwa hiyo walichosikia Montego Bay ni rege yenye mbaqanga, muziki wa kwao Afrika Kusini, ndani, asingeweza kuipata kwa kupigiwa na bendi ya pale. Aliuawa Johannesburg tarehe 18 Oktoba 2007 na majambazi waliotaka gari. Bado inauma.

SWALI: Shoo inapigwa usiku kucha siku kadhaa mfululizo, hao watazamaji walikuwa wanalala wapi? *Jina kapuni*

JIBU: Wengine palepale chini. Kulikuwa na wauzaji wanapita na maboksi ya karatasi ngumu yaliyokunjuliwa yakawa bapa, wanayaita vitanda vya rege, unanunua lako unalitandika kwenye nyasi unakaa na mkeo au washkaji, ukisinzia unasinzia, ukisikia anatajwa mtu wako unaamka. Wakubwa mara nyingi walikuwa wanapanda alfajiri kabisa, kwahiyo kulikuwa na watu wanaolala makusudi mwanzoni mwa usiku, na jua likitoka mwimbaji ndo kwanza yuko wimbo wa tatu.

SWALI: Rototom Sunsplash, Reggae Sumfest na Reggae Sunsplash ni kitu kimoja? Nimechanganyikiwa. *Msomaji*

JIBU: Vitatu tofauti. Sumfest ni ya Montego Bay, ilianza 1993, mwaka uleule Sunsplash ilipohamia kiwanja cha Jamworld kule Portmore karibu na Kingston, kwahiyo Sumfest ikachukua mji na mashabiki wake na bado ipo. Rototom ni ya Waitalia, walianza miaka ya 90 kwao, 2010 wakahamia Benicàssim, Hispania, jina wamelichukua kwa mapenzi lakini si tawi la Jamaika. Na Sunsplash yenyewe baada ya kuhamahama ikafikia mwisho 1998, ikafufuliwa 2006, alafu 2020 wakati wa korona ikarudi kwa njia ya mtandao. Maoni yangu, kuondoka Montego Bay ndo kuliiumiza, watu walikuwa wameshazoea kupanga likizo na ule mji kwa pamoja.

SWALI: Kaka mimi ni mpiga besi, ndo najifunza. Nisikilize nini kwenye rekodi za Sunsplash ili nifike huko? Na dancehall ya kompyuta haikuwamaliza wapiga vyombo? *Kijana wa besi*

JIBU: Haikuwamaliza ila iliwapa kazi ngumu. Mwaka 1985 mwimbaji Wayne Smith na prodyuza King Jammy walitoa Sleng Teng, ridimu iliyotoka kwenye kinanda kidogo cha Casio, na baada ya hapo kila mtu alitaka ule mlio. Sasa waghani wa dancehall wakija Sunsplash usiku wao bendi ikabidi ipige kwa mikono kile kilichotengenezwa na mashine, besi iliyonyooka isiyopumua, dramu isiyoyumba, nusu saa nzima, alafu dakika inayofuata anaingia mzee wa miaka ya 60 anataka rocksteady laini, muziki wa Jamaika uliokuwepo kabla ya rege. Sikiliza namna wanavyobadilika kati ya mtu na mtu, hapo ndo shule.

Kwa wewe anza na Skatalites, waliungana tena Sunsplash ya 1983 baada ya kuvunjika toka 1965, Lloyd Brevett yuko kwenye besi kubwa ya kusimama na utaona hakimbilii popote. Ukitoka hapo nenda kwa Lloyd Parks kwenye shoo za Dennis Brown, usisikilize noti anazopiga kwanza, hesabu zile anazoacha. Kwenye ridimu nyingi za one drop dramu inaliacha pigo la kwanza wazi na kugonga la tatu, sasa wewe mpiga besi kijana utashawishika kulijaza lile pengo. Liache. Chukua ridimu moja tu, Real Rock inatosha, ipige dakika ishirini bila kuongeza kitu huku rafiki yako anaimba nyimbo tatu tofauti juu yake, akinyanyua mkono usimame, akishusha urudi. Mkiweza hilo bila kuangaliana, niandikie tuongee kuhusu funguo.