Re: Ganzi mpaka kidoleni, Jumamosi naenda kunyooshwa shingo

USIENDE, mkuu. Nilipofika kwenye hiyo Jumamosi yako kwa fundi wa kuchua nikaacha kusoma.

Unasema maumivu yanashuka nyuma ya mkono, kidole cha kati kina ganzi, ukiweka kiganja kichwani unapata nafuu. Hiyo ya kichwani nilikuwa naifanya mpaka kwenye daladala, konda akidhani nashuka. Hapo usisingizie misuli. Mara nyingi ni diski, kile kitakia laini kati ya pingili ya 6 na ya 7 ya shingo, imechomoza, imebana mshipa wa fahamu.

Mimi shingo yangu nilimpa kinyozi. Akasema "mishipa imepandana, tulia". Imepandana! Nani alimfundisha huyu? Akashika kidevu, akazungusha, KWAA. Watu saluni wakacheka, nikacheka na mimi, na chenji nikamwachia. Usiku ule moto ukashuka kutoka begani mpaka kidoleni, nikalala nimekaa kwenye kochi. Asubuhi mkono wa kulia hauwezi kusukuma mlango wa choo. Mlango wa choo, mkuu, na nimebanwa.

Zahanati wakanipiga eksirei, "mifupa mizima", sindano, nenda nyumbani. Mizima ndiyo, lakini eksirei haionyeshi diski wala mshipa uliobanwa! Mpaka daktari bingwa aliponigonga kiwiko kwa kile kinyundo cha mpira na mkono usishtuke, ndipo nikaandikiwa MRI, kile kipimo kinachoonyesha diski na mishipa. Nilipona kwa mazoezi ya tiba bila kisu, na wengi hupona hivyo, ila msuli wa nyuma ya mkono ulikonda. Mpaka leo nikivaa fulana mkono mmoja ni wa baba, mwingine wa mtoto.

Na mimi nilibahatika. Humo shingoni zinapita ateri mbili za kwenda kwenye ubongo, ndani ya pingili zenyewe. Ikichanika moja kwa kuzungushwa namna ile, unaweza kupata kiharusi.

Kwa hiyo ganzi ikishafika mkononi, shingo HAIZUNGUSHWI na mtu. Si kinyozi, si fundi, si shemeji aliyeona video. Daktari kwanza, apime nguvu za mkono. Ukianza kushindwa kufunga vifungo, miguu ikiyumba au mkojo ukikusumbua, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Uliuliza na habari ya mto wa kulalia, sijui na nini kingine. Hayo baadaye. Mpigie huyo fundi sasa hivi umwambie huji.