Mbuna jike aliyeacha kula na kutuna kidevu

Ukiona mbuna jike (samaki mdogo wa miambani anayefugwa kwenye tangi) ameacha kula na kidevu kimetuna, huyo si mgonjwa, ana mayai mdomoni. Jike wa mbuna wa Ziwa Nyasa akishataga huyaokota mayai na kuyaatamia kinywani, wiki tatu hivi maji yakiwa nyuzi 25 au 26. Muda huo hula kidogo sana au hali chochote, kwa hiyo usihangaike kumlisha. Nimefuga wale wa manjano miaka kadhaa na dalili naijua: ngozi ya chini ya taya hushuka kama kifuko, na kila mara anaonekana kama anatafuna kitu. Hatafuni, anayageuza mayai yapate maji safi. Mvizie kwa mbele akifungua mdomo, utayaona yamejazana humo.

Tafadhali usimkimbize na wavu, akishtuka huyatema au huyameza. Mwongezee mawe ya kujificha, hasa kama dume anamwandama.

Ila kama kilichovimba ni tumbo, si kidevu, na choo chake ni cheupe kama uzi, hapo ni maradhi kweli. Mtenge haraka na upime maji.