Taa za Gari Kuukuu Pwani: Chunguza Athi Kabla ya Kununua Balbu

Jioni moja nilikuwa natoka Gede kurudi Malindi, na dereva wa matatu aliyekuwa nyuma yangu akanipita, akaegesha pembeni na kunipungia mkono nisimame. Alitaka kunijulisha kwamba kila nilipokanyaga breki, taa ya nyuma ya upande wa kushoto ilikuwa ikififia badala ya kung'aa. Nilimshukuru kwa dhati, kwani barabara ile usiku ina bodaboda, baiskeli na watembea kwa miguu, na anayefuata nyuma hana njia nyingine ya kujua kwamba gari la mbele linapunguza mwendo.

Gari lenyewe ni stesheni wageni, ile aina yenye mlango mpana wa nyuma wa kupakia mizigo, iliyotimiza miaka 29, na kwa muda wote niliokuwa nayo imelala nje, mahali ambapo upepo wa bahari unafika. Siku iliyofuata nilinunua balbu mpya, na hali haikubadilika. Nikanunua ya pili, nikidhani ya kwanza ilikuwa mbovu tangu dukani. Baadaye nililipeleka gari kwenye gereji, ambako fundi alibadilisha holda inayoshika balbu na kukata waya mmoja ili kuunganisha mwingine kwa tepu, na baada ya wiki mbili taa ikarudia hali ile ile. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Maweni, fundi wa umeme wa magari tangu ujana wake, ambaye kabla ya kugusa chochote aliniomba niwashe taa ndogo, kisha nikanyage breki, kisha niwashe indiketa, huku yeye akiwa amechutama nyuma ya gari akitazama tu.

"Mwanangu," akasema, "balbu yako ni nzima. Umeme ni kama mtoto aliyetumwa dukani. Ukimfungia mlango wa kurudi, atapita kwa jirani."

Mlango huo wa kurudi ndio mafundi wetu wanaouita athi. Katika magari mengi umeme hutoka kwenye chanya ya betri kwa waya, hupita kwenye fyuzi, swichi na balbu, kisha hurudi kwenye hasi kwa kupitia bodi ya gari, ambayo imeshikana na waya wa taa kwa bolti ndogo. Bolti hiyo ikishika kutu, umeme hupata kizuizi. Balbu ya nyuma ya kawaida ina nyuzi mbili, moja ya wati 5 kwa taa ndogo na nyingine ya wati 21 kwa breki. Wati 5 huvuta chini ya nusu ampea, kwa hiyo taa ndogo huweza kuonekana nzima hata athi ikiwa dhaifu, lakini ukikanyaga breki mahitaji hupanda hadi zaidi ya ampea 2, kizuizi kile hula volti nyingi, na nyuzi zote mbili hufifia pamoja. Taa ndogo zikiwa zimezimwa, umeme wa breki huweza hata kurudi kinyume kupitia ule uzi wa wati 5 na kuwasha kwa mbali taa za dashibodi. Ukiona taa moja inawaka kwa sababu umewasha nyingine, basi usiende dukani kwanza.

Kipimo chake ni rahisi kwa mwenye multimita, yaani kile kifaa kidogo cha kupimia umeme, na naamini kila mwenye gari la umri huu anapaswa kuwa nayo. Ukiwa umewasha taa yenye shida, weka ncha moja kwenye hasi ya betri, kwa kutumia waya mrefu ikibidi, na nyingine kwenye chuma cha holda ya balbu. Athi nzuri itasoma karibu na sifuri, chini ya nusu volti. Yangu ilisoma zaidi ya volti 4 nilipokanyaga breki. Tuliikuta bolti yenyewe chini ya zulia la buti, imegeuka rangi ya kahawia. Nilichomoa waya wa hasi wa betri, nikaifungua bolti, nikapiga msasa kwenye bodi na kwenye kichwa cha waya mpaka chuma kikang'aa, nikaikaza na kuipaka grisi juu ili unyevu usiingie tena. Hatukununua kitu chochote.

Si kila tatizo ni athi, bila shaka. Taa zote mbili za breki zikifa kwa pamoja, anza na fyuzi, kisha swichi ndogo iliyo juu ya pedali ya breki, kwa sababu ni nadra balbu mbili kuungua siku moja. Indiketa ikipepesa haraka upande mmoja, kwa kawaida kuna balbu iliyokufa upande huo, au mtu ameweka ya LED ambayo inavuta umeme kidogo mno kwa rilei ya zamani, ile swichi ndogo inayoendeshwa na umeme wenyewe. Kwa stesheni wageni, kagua pia waya zinazopita kwenye bawaba za mlango wa nyuma, maana hupindwa kila unapofunguliwa na hukatikia ndani ya mpira zisionekane.

Kuhusu fyuzi nitasema kwa uzito wote: kuifunga kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au kuweka ya ampea 30 mahali pa 15, ni kuufanya waya wenyewe uungue badala ya fyuzi.

Taa kubwa zikiwa hafifu, pima volti kwenye balbu yenyewe injini ikiwa inanguruma na ulinganishe na zile za betri. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Balbu mbili za wati 55 huvuta takriban ampea 9, na katika magari mengi ya zamani mzigo huo wote hupita kwenye swichi ya usukani, hivyo fundi anaweza kuongeza rilei ili umeme utoke betrini moja kwa moja. Hilo nalipendelea kuliko balbu za LED zinazochomekwa kwenye taa zilizoundwa kwa balbu za uzi, ambazo mara nyingi hutawanya mwanga na kumpofusha anayekuja mbele.

Tangu siku ile, kabla ya kila safari ya usiku narudisha gari nyuma mpaka karibu na ukuta wa nyumba uliopakwa chokaa, nakanyaga breki na kutazama kwenye kioo. Nikiona madoa mawili mekundu yaliyolingana, naondoka.