Kwa Nini Baba Yako Hakuacha Farasi

Mwanangu,

Marahaba. Swali lako nimelala nalo siku tatu. Uliuliza kwenye simu, tena ukiwa karibu kukata: ikiwa baba alikuwa na pikipiki ya kumfikisha popote, kwa nini alihangaika na farasi mpaka uzeeni? Farasi anakula hata siku asiyofanya kazi. Nikasema nitakuandikia, maana mambo ya baba yako siyawezi kwa simu.

Usidhani aliwapenda kwa uzuri wao. Aliwakuta kwao, akawekwa kwenye kwato kabla hajaruhusiwa kugusa spana. Kwato hupunguzwa kila wiki 6 hadi 8, la sivyo mnyama anaanza kukanyaga vibaya, kwa hiyo utoto wake wote ni kuinama na kunyanyua miguu ya farasi. Na mguu wa farasi hauvutwi. Ukiuvuta mtashindana, naye ana uzito wa kukushinda. Unashusha mkono kutoka begani taratibu, unafika juu ya kifundo, unabana kidogo, unangoja. Ananyanyua mwenyewe.

Sasa mkumbuke akiwa karakana mbele ya nati iliyoshikwa na kutu. Mafundi wengine wangeleta nyundo na bomba refu la kurefushia spana, nati ikatike kichwa. Yeye alidondosha oili, akaigonga mara mbili tatu, akaondoka kufanya jambo jingine. Saa nzima! Mwenye pikipiki amekaa sebuleni kwangu, mazungumzo yamekwisha, namtazama ananitazama. Nati ilikuwa inafunguka, sikatai. Lakini subira hiyo alikuwa akiifanya yeye, na wageni nikikaa nao mimi.

Pikipiki ikija inakohoa, hakukimbilia sanduku la vifaa. Alipiga kiki, akainamisha kichwa, akauliza: inaanza ikiwa baridi au ikishapata moto? Kisha achomoe plagi aipeleke kwenye mwanga wa mlango. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, aliirudisha akatafute kosa kwingine. Ikiwa na masizi meusi makavu, petroli imezidi hewa. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini inachemka kupita kiasi. Wewe mwenyewe alikuonyesha, ukapaka masizi kwenye shati jeupe, na fua nikafua mimi.

Pikipiki alizipenda, tena sana. Alipenda kusimulia kwamba ile ya kwanza ya petroli, waliyoiunda Daimler na Maybach mwaka 1885, ilikuwa na fremu ya mbao, nao wakaiita Reitwagen, gari la kupanda, kama mtu anavyompanda farasi. Au ile hesabu ya nguvu ya farasi moja: kunyanyua kilo 75 kwa mita moja ndani ya sekunde moja. Hapo humtazama farasi wake jike na kusema aliyepima hakukutana na huyu. Wote wawili aliwapanda kwa upande wa kushoto. Farasi kwa sababu wapanda farasi wa zamani walining'iniza panga kushoto, pikipiki kwa sababu stendi yake iko huko.

Lakini jibu lako liko kwa huyo jike, na wewe ulikuwa mdogo.

Asubuhi moja nilimwambia baba yako kwamba jike hajagusa majani, anaparapara chini, kila mara anageuka kutazama mbavu zake. Yeye alikuwa amefungua giaboksi ya pikipiki ya mteja. Gia na washa zake zilikuwa kwenye kitambaa, zimepangwa kwa zamu ya kurudi. Akasema, "Nakuja, nimalizie hizi." Nikarudi mara ya pili. Akasema vilevile, hata kichwa hakuinua.

Alikwenda bandani mchana. Farasi hatapiki, mwanangu, kilichoingia hakirudi kwa njia kilikoingilia. Utumbo ukijisokota, saa za kumwokoa ni chache. Alimshika mshipa chini ya taya, mikono bado ina oili, akahesabu. Farasi aliyetulia mapigo yake ni kati ya 28 na 44 kwa dakika. Akahesabu tena. Idadi hakunitajia. Daktari wa mifugo alikuja jioni, akafanya alichoweza, na kabla ya usiku kuingia jike alikuwa amelala asiinuke.

Giaboksi ilibaki kwenye kitambaa siku tisa. Mwenye pikipiki alikuja akafoka, nami nikamjibu maneno ambayo barua hii haiyahitaji.

Siku ya kumi baba yako aliamka, akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, akaenda bandani kwa yule mtoto aliyeachwa, ambaye ndiye uliyejifunzia kupanda. Akampapasa miguu yote minne kutafuta joto, akatazama kinyesi, akatazama maji yamepungua kiasi gani. Ndipo akafungua karakana. Akafanya hivyo kila siku mpaka mwisho wake, hata wateja wawe wamepanga foleni. Hakuwahi kuniambia kwa nini, nami sikuwahi kumuuliza. Ninayokuandikia nimeyaona tu.

Pikipiki yake usiiuze kwanza. Nimeitoa petroli yote iliyokuwa kwenye tangi na kabureta ili isigande humo, na nimeifunika. Tutaiongelea ukija.

Mtoto wa jike sasa ni mzee, meno yamerefuka. Alfajiri husimama akitazama mlango wa karakana. Siku hizi naenda mimi. Nanawa kwanza mpaka viwikoni, ingawa mikono yangu haina oili.

Mama yako