Ameshtakiwa, au anatuhumiwa tu?

Maswali ya safari hii ni ya mashtaka ya jinai, isipokuwa moja. Nimejibu kwa sheria ya Tanzania Bara.

Mdogo wangu yuko mahabusu ya polisi tangu jana. Mtaani wanasema ameshtakiwa. Ni kweli? (Tabora)

Bado. Kwa sasa ni mtuhumiwa. Atakuwa mshtakiwa hati ya mashtaka ikifunguliwa mahakamani naye akasimama mbele ya hakimu. Kama kosa halina adhabu ya kifo na polisi wanaona hawataweza kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, wanapaswa kumpa dhamana, labda kosa liwe zito. Nenda kituoni na mdhamini, ulizia mpelelezi wa jalada lake. Dhamana hailipiwi.

Kwa nini magazeti huandika "mshtakiwa hakutakiwa kujibu chochote"? Amenyimwa kujitetea? (Mbagala)

Hapana, ingawa kwa masikio ya mtaani inasikika hivyo. Kesi ya mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, lakini mtu huanza kupandishwa mahakama ya chini, tuseme ya Hakimu Mkazi. Hakimu pale humsomea shtaka ili ajue anatuhumiwa nini, basi. Hana mamlaka ya kupokea "ni kweli" wala "si kweli". Hata mtu akipaza sauti kwamba hakuua, hilo halihesabiwi kuwa jibu.

Kisha kesi huanza kutajwa: upelelezi haujakamilika, rudini baada ya wiki mbili, mshtakiwa arejee rumande kwa kuwa mauaji hayana dhamana. Upelelezi ukikamilika husomewa maelezo ya mashahidi na vielelezo, jalada likahamia Mahakama Kuu, na huko ndiko anakoulizwa kwa mara ya kwanza kama anakiri au anakana. Kesi za uhujumu uchumi hupita njia inayofanana na hiyo, ila Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) anaweza kutoa kibali zisikilizwe mahakama ya chini.

Kinachonikera ni muda unaopita hapo katikati. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili mtu asifunguliwe kesi kabla upelelezi haujakamilika, lakini makosa mazito yakaachwa nje, na humo ndimo watu wanamosota rumande.

Hati ya mashtaka imekosea jina langu na tarehe ya tukio. Kesi si itafutwa? (Moshi)

Usijipe matumaini hayo. Hati lazima itaje kosa, kifungu cha sheria na maelezo ya kosa: nani, lini, wapi, alifanya nini. Ikikosewa, upande wa mashtaka unaweza kuomba kuibadilisha. Ikibadilishwa, ni lazima usomewe upya na ujibu upya, na unayo haki ya kuomba mashahidi waliokwishatoa ushahidi waitwe tena. Hati inayosema wizi ulitokea Machi huku mashahidi wakisema Mei, na mwendesha mashtaka asiirekebishe, hiyo ndiyo inayompa wakili wako la kusema, hata kwenye rufaa.

Kaka aliachiwa na mahakama asubuhi, akakamatwa tena mlangoni kwa kosa lilelile. Inaruhusiwa? (Mwanza)

Kwa bahati mbaya, inawezekana, ila kwa masharti. Kuachiwa si kuachiwa huru. DPP akiieleza mahakama kuwa hana nia ya kuendelea na mashtaka, mshtakiwa anaachiwa, lakini anaweza kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale, mradi ushahidi uwe wa kutosha na kesi iwe tayari kuanza kusikilizwa. Aliyeachiwa huru, yaani mahakama imemwona hana hatia, hagusiki tena kwa kosa hilo. Soma amri ya mahakama uone neno lililotumika. Kenya, chini ya Katiba ya 2010, DPP hawezi kuondoa kesi bila ruhusa ya mahakama, na sioni kwa nini sharti hilo lisiwepo kwetu.

Fundi amenishtaki kwa deni la kabati. Nitafungwa? (Tanga)

Hiyo ni kesi ya madai. Yeye ni mdai, wewe mdaiwa, na hakuna kosa la jinai hapo. Ila usipuuze wito: ukikosekana, shauri linaweza kuamuliwa kwa kumsikiliza yeye peke yake. Nenda na risiti za ulichokwishalipa.