Rangi ilianza Unguja

SWALI: Babu anasema Zanzibar tuliona televisheni ya rangi kabla ya Bara. Kweli? Na mbona seti yake ya zamani haishiki kitu siku hizi? (Msomaji, Mkoani, Pemba)

JIBU: Kweli tupu. TVZ (Televisheni Zanzibar) ilianza 1973, ya rangi tangu mwanzo. Kenya walitangulia kuwa na televisheni, 1962, lakini ya nyeusi na nyeupe. Bara walingoja hadi 1994! Leo TVZ iko chini ya ZBC, shirika la utangazaji la Zanzibar.

Seti huenda ni nzima, ila matangazo yamehamia dijitali. Iungie king'amuzi: waya wa njano picha, nyeupe na nyekundu sauti. Picha ikikatika vipande vipande, kagua kwanza kiungo cha antena darini. Chumvi ya bahari hukila.