Itoe hiyo anwani ya Bitcoin kwenye wasifu wako

Wewe uliyeuliza kuhusu kulipwa kwa Bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni! Ati unabandika anwani moja, yaani namba ya kupokelea, kwenye wasifu ili wateja wa Marekani wakulipe, akiba yako nayo ikae humo humo, "kwa sababu haina jina langu"? Itoe kwanza, ndiyo uendelee kusoma.

Jina haina, sawa. Lakini daftari la Bitcoin, linaloandika kila muamala, liko wazi tangu Januari 2009, na aliye na anwani yako anaona yaliyoingia, yaliyotoka na salio. Na huyo mteja jina lako si analo tayari?

Mimi nilikuwa nanakili sauti kuwa maandishi hapa Umoja, Nairobi, na kila mteja nilimpa anwani ile ile. Siku moja nikamlilia mmoja aniongeze, nikaleta habari za kodi ya nyumba na karo ya mtoto. Mtoto mwenyewe sina. Akanirudishia picha ya skrini: salio langu lote, na malipo madogo ya mteja mwingine yamezungushiwa duara jekundu. "Nitakulipa kama huyu." Bei ikashuka badala ya kupanda, na mdomo wa kubishana ningeutoa wapi? Wateja wengine nao wakaijua bei hiyo. Niliendelea kunakili kwa pesa ya sukuma wiki.

Yote hayo ni kazi ya yule mwalimu wa semina ya Westlands, suti ya kubana, kiingilio juu na chai ya kujinunulia. "Hata FBI hawakuoni!" FBI hao hao, wapelelezi wa Marekani, walioifunga Silk Road, soko la mtandaoni la dawa za kulevya lililolipwa kwa Bitcoin, mwaka 2013! Kwenye kesi ya mwenye soko, Ross Ulbricht, mahakama ilionyeshwa sarafu zilivyotoka soko lile hadi kompyuta yake. Sifa ya "pesa ya siri" ilivuma kwa sababu ya masoko kama hayo, na matapeli wa semina bado wanaila. Waraka wa 2008 wa Satoshi, mwanzilishi wa Bitcoin, aliumulika ukutani, kurasa 9 tu, na hakuusoma. Sehemu ya faragha inasema utumie jozi mpya ya funguo, yaani anwani mpya, kwa kila muamala.

Basi: kila malipo, anwani yake. Pochi nyingi, yaani programu za kutunzia Bitcoin, hukutolea mpya ukibonyeza "pokea". Na ukija kutumia, usichanganye sarafu za anwani mbili kwenye malipo mamoja, maana hapo umetangaza kwamba zote ni zako.

Uliuliza na mambo ya ada na kugeuza kuwa M-Pesa, sijui na kodi ya KRA. Wengine watakujibu. Umeshaitoa?